BWANA SMITH NA KAMONGO WA ZIWA LETU

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Chama chetu kiliniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki. Wenzangu walikuwa wameshawanyakua Shaaban Robert, Masinde Muliro na Mekatilili wa Menza, nami nikabaki nikikuna kichwa. Mwishowe nikamchagua mtu ambaye sidhani wengi wetu wamewahi kumsikia, ingawa kwa madaktari wa figo jina lake ni kubwa kama la Shaaban Robert lilivyo kwetu sisi wana Kiswahili. Huyu ni Profesa Homer William Smith, Mmarekani. Lakini kabla sijafika kwake yanibidi nikiri kosa, maana bila kosa hilo nisingalimjua.

Niliwahi kumzamisha samaki majini mpaka akafa.

Usicheke kwanza. Ilikuwa likizo ya Aprili nikiwa Kidato cha Pili. Senje wangu, yaani shangazi, huuza samaki hapa Shirere. Mzigo wake hutoka Kisumu alfajiri kwa matatu, mwendo wa kilomita 50 hivi: ngege, mbuta na omena. Watu wetu ni wa kuku zaidi, hilo halifichiki, lakini samaki pia hawamwachi. Siku hiyo jirani mmoja, mzee wa Kijaluo, alikuwa ameagiza kamongo, tena akataka aletwe akiwa hai. Kamongo akaja ndani ya gunia lililoloweshwa maji. Ngege na mbuta walikuwa wamekufa kitambo, macho yameganda, lakini yeye alikuwa akijinyonganyonga humo guniani kama nyoka, urefu wake kama mkono wangu mzima. Mwenye kuagiza naye alikuwa amesafiri mpaka kesho yake. Senje akanikabidhi samaki nimtunze usiku huo.

Nilimhurumia sana. Ati samaki atoke Kisumu mpaka Shirere bila maji! Nikaosha pipa la plastiki, nikalijaza, nikamtia. Kila baada ya dakika chache akawa anatoa pua juu ya maji. Mimi nikadhani anatafuta njia ya kutoroka, basi nikaongeza maji mpaka yakagusa kifuniko, nikafunika vizuri na kuweka jiwe juu kwa sababu ya paka. Nilienda kulala nikijiona mtu mwema. Asubuhi nilipofunua, kamongo alikuwa amelala ubavu, amekufa kabisa. Senje alimuuza kwa bei ya kutupa. Hakunichapa, ila siku mbili hakunisemesha, na afadhali angalinichapa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuelewa. Katika mtihani wa Biolojia nilikuwa nimeandika kuwa samaki hupumua kwa matamvua, nikapewa alama zote. Sasa samaki gani huyu aliyeishi guniani akafa majini? Shule ilipofunguliwa nilimuuliza mwalimu wetu wa Biolojia mbele ya darasa zima. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alituambia kwamba yuko profesa mmoja aliyesafiri kutoka Marekani mwaka 1928 kuja kumtafuta kamongo huyo huyo. Basi nikaanza kumfuatilia bwana huyo, maktabani na kwa kuwasumbua walimu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Homer Smith alizaliwa tarehe 2 Januari 1895 mjini Denver, katika jimbo la Colorado, na akakulia Cripple Creek, mji wa machimbo ya dhahabu huko milimani. Niliposoma hapo nilitabasamu, maana Kakamega yetu nayo ilipata kuwa mji wa dhahabu katika miaka ya 1930, na mahali panapoitwa Rosterman pangali na jina la mgodi mpaka leo. Sijui kama wachimbaji wa kwao walikuwa na kelele kama tulivyosimuliwa kuhusu wa kwetu. Alipata digrii ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Denver mwaka 1917, na hapo Vita Kuu ya Kwanza ikamkuta.

Vita hivyo vilikuwa vya kutisha kwa jambo moja ambalo linahusu habari yetu hasa. Watu waliuana kwa pumzi. Gesi za sumu zilipeperushwa juu ya mahandaki, na askari akiivuta anaungua mapafu. Smith aliwekwa katika idara ya jeshi iliyochunguza gesi hizo, akifanya kazi chini ya mtaalamu aliyeitwa Marshall. Walichunguza hasa ile gesi iliyoitwa ya haradali, namna inavyoingia katika chembe za mwili na kuziharibu. Kwa hiyo somo lake la kwanza kubwa lilikuwa hili: ngozi ile laini tunayopokelea hewa ndiyo mlango, na mlango huo hauchagui mgeni sana.

Hapa acha nisimame kidogo nieleze, kwa faida ya wale wa Kidato cha Kwanza. Karibu kila kiumbe hai kinahitaji oksijeni ya kuunguza chakula chake ili kipate nguvu, na kinapounguza chakula hutokea hewa ya kaboni dayoksaidi, ambayo lazima itoke. Kubadilishana huko hakutaki misuli wala akili. Hewa hutoka yenyewe palipo nyingi na kwenda palipo chache, kama harufu ya samosa inavyotoka kantini na kutufikia darasani. Kinachotakiwa ni ukuta mwembamba, wenye unyevu, na mpana. Amiba ana seli moja tu, hivyo ngozi yake inamtosha. Panzi ana vitundu ubavuni na mirija inayopeleka hewa mpaka ndani ya mwili. Jani la mhindi lina vitundu vidogo sana vinavyofunguka na kufungika. Chura anatumia ngozi pamoja na mapafu. Sisi tuna vifuko vya hewa kama milioni 300 ndani ya mapafu, na vikitandazwa vyote vinaweza kufunika sakafu ya darasa zima. Samaki ana matamvua, yale majani mekundu chini ya vifuniko vya kichwa, ambayo senje huyang'oa kabla ya kukaanga.

Tatizo la samaki ni kwamba maji ni maskini. Lita moja ya hewa ina oksijeni kama mililita 210. Lita moja ya maji vuguvugu ya ziwa, hata yakiwa safi, haifiki mililita 6. Ndiyo sababu samaki hachoki kufungua na kufunga mdomo, maana anapaswa kupitisha maji mengi ili apate hewa kidogo. Na kwenye kinamasi chenye mafunjo na majani yanayooza, hata hizo mililita chache huisha.

Turudi kwa Smith. Baada ya vita alisoma katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore na kupata digrii ya udaktari wa sayansi mwaka 1921. Akafanya kazi kidogo katika kampuni ya dawa, kisha Harvard, kisha mwaka 1925 akawa mwalimu mkuu wa somo lake katika Chuo Kikuu cha Virginia. Kuanzia mwaka 1928 alihamia Chuo Kikuu cha New York, na huko hakuondoka mpaka alipostaafu mwaka 1961. Mambo ya vyeo nayaruka, kwa sababu yanafanana kwa maprofesa wote.

Kazi yake ninayoipenda mimi ni ile ya kisanduku. Watu walidhani matamvua ni ya kuvutia oksijeni tu, na uchafu wa mwili unatoka kwa figo kama mkojo. Smith alimchukua samaki, akamweka katika chombo kilichotenganishwa katikati kwa mpira, kichwa upande huu, mkia upande ule, maji yasichanganyike. Halafu akapima maji ya kila upande. Kumbe uchafu mwingi wa amonia na yurea ulikuwa upande wa kichwa! Ulitoka kwa matamvua, mara nyingi zaidi kuliko uliotoka kwa figo. Alichapisha habari hizo mwaka 1929. Yaani matamvua ni mlango wa kuingilia na ni mlango wa kutokea vilevile, wa hewa na wa taka.

Ukishajua hivyo, swali linalofuata halikwepeki, na ndilo lililomleta kwetu. Je, samaki aliyeanza kuacha matamvua na kuvuta hewa kwa mapafu, taka zake anazipeleka wapi? Samaki wa namna hiyo si wengi duniani. Wamebaki aina sita tu: nne Afrika, moja Amerika ya Kusini na moja Australia. Ni ukoo wa zamani sana, wa miaka ipatayo milioni 400. Yule wa Australia ana pafu moja na anaweza kuishi kwa matamvua tu. Wa kwetu ana mapafu mawili, na matamvua yake yamepungua mno. Waganda humwita mamba, na uko ukoo mkubwa huko Buganda ambao yeye ndiye alama yao, hivyo hawamli. Wajaluo humwita kamongo.

Mwaka 1928 Smith alipata msaada wa fedha wa Guggenheim, akaja Afrika Mashariki kumtafuta kamongo wa Ziwa Viktoria. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu tangu mwaka 1901, kwa hivyo ziwa lilikuwa halina shida ya kufikika. Mimi ninapomfikiria, ninawafikiria zaidi wale wavuvi. Profesa hakujua kamongo hujificha wapi. Wavuvi ndio walijua. Walijua kuwa hupanda juu kuvuta hewa, walijua anavyong'ata (meno yake si mchezo), na walijua kuwa kinamasi kikikauka huchimbuliwa kwa jembe akiwa hai kama kiazi. Majina yao hayakuandikwa mahali nilipoweza kuyaona. Lakini jina la Kijaluo alilibeba mpaka Marekani. Mwaka 1932 alitoa kitabu cha hadithi na kukiita KAMONGO, neno hilo hilo, bila kulitafsiri. Ni mazungumzo ya wasafiri melini, mmoja mwanasayansi na mwingine padri, wakibishana kuhusu maisha kwa sababu ya samaki huyu. Kitabu kilisomwa sana kwao. Fikiria Wamarekani wakijikunja ulimi kutamka neno ambalo senje hulitamka kila wiki!

Na nini alichokipata? Kwanza, jibu la pipa langu. Vipimo vyake, na vya wengine waliomfuata, vilionyesha kuwa kamongo mzima hupata oksijeni yake karibu yote, sehemu 9 hivi kwa 10, kutoka hewani kwa mapafu. Matamvua yake hayawezi tena kumtosheleza. Akizuiwa asifike juu, hufa maji kama wewe na mimi. Ile pua aliyokuwa akiitoa haikuwa ya kutoroka. Alikuwa anapumua, nami nikamzibia kwa jiwe.

Lakini jambo la kustaajabisha ni kwamba matamvua hayo madogo hayakuachwa bure. Kaboni dayoksaidi huyeyuka majini kwa urahisi kuliko oksijeni, zaidi ya mara 20. Basi kamongo anavuta oksijeni kwa mapafu, halafu hewa chafu sehemu kubwa anaitoa majini kwa matamvua na ngozi. Ana mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, mbali mbali, kama matatu za zamani zilizokuwa na mlango wa nyuma. Watoto wake wachanga huwa na matamvua ya nje kama viluwiluwi, na jinsi wanavyokua ndivyo wanavyoyategemea mapafu zaidi.

Pili ni habari ya usingizi. Kinamasi kikianza kukauka, kamongo huchimba shimo katika tope, hujikunja mkia ukifunika kichwa, na hutoa ute mwingi. Ute huo hukauka ukawa kama karatasi inayomzunguka mwili mzima, isipokuwa tundu dogo mdomoni la kupitishia pumzi. Smith aliwasafirisha kamongo hai mpaka New York, akawaweka katika tope maabarani, wakalala huko huko. Akawapima kwa miezi. Aliona kuwa matumizi ya oksijeni yanashuka mno na moyo unapiga polepole. Samaki anakula minofu yake mwenyewe kidogo kidogo. Mkojo hakuna kabisa. Na zile taka, ambazo majini zingetoka kama amonia, sasa hazina maji ya kuzichukua. Amonia ni sumu, ingemuua. Kwa hiyo kamongo huigeuza kuwa yurea, ambayo haina ukali huo, na kuihifadhi ndani ya damu na nyama mpaka mvua inyeshe. Kisha huitoa yote.

Hapo ndipo Smith alipogeukia figo kwa nguvu zake zote. Aliona kwamba kiumbe kikitoka majini, kazi iliyokuwa ya matamvua lazima igawanywe: hewa iende kwa mapafu, na taka na chumvi ziende kwa figo. Miaka ya 1930 yeye na wenzake walipata njia ya kupima figo za mtu aliye hai bila kumpasua. Walitumia inulini, unga unaopatikana katika mizizi ya mimea fulani. Ukitiwa katika damu, huchujwa na figo ukatoka wote na mkojo bila kurudishwa mwilini, hivyo ukipima mkojo unajua figo zimechuja kiasi gani. Walipata kuwa za mtu mzima mwenye afya huchuja kama mililita 125 kwa dakika. Piga hesabu: ni lita 180 kwa siku, pipa zaidi ya moja na nusu kama lile langu, na karibu yote hurudishwa katika damu. Mwaka 1951 aliyakusanya mambo hayo katika kitabu kinene kuhusu figo, na mwaka 1953 akatoa kingine kwa watu wa kawaida, kikieleza safari ya viumbe kutoka samaki mpaka mtu mwenye kufikiri.

Sitaki nimsifu kupita kiasi. Aliamini kwamba figo za wanyama wenye uti wa mgongo zilianzia katika maji baridi ya mito, na wataalamu wengi waliokuja baadaye wamesema mababu hao walianzia baharini. Pia naona alipenda kumfanya kamongo mfano wa kiumbe aliyekwama njiani, asiyekwenda mbele. Hapo mimi simkubali. Mbuta, aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950, amewamaliza samaki wengi wadogo kwenye maji ya wazi, lakini ndani ya mafunjo, palipo na oksijeni kidogo, hawezi kukaa. Kamongo anakaa. Kinachomtisha kamongo ni jembe linalofyeka na kukausha vinamasi, na nyavu zetu. Kukwama ni maneno ya mtu aliyemwona maabarani.

Profesa Smith alifariki New York mwezi Machi mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 67. Madaktari wanaowapima wagonjwa wa figo leo bado wanauliza lile swali lake, figo zinachuja mililita ngapi kwa dakika, ijapokuwa siku hizi mara nyingi hukisia kwa kipimo cha damu tu.

Mwezi uliopita kamongo mwingine aliletwa kwa senje, mkubwa kuliko yule wa kwanza. Senje alinitazama kwa jicho la pembeni. Nilileta karai, nikamtilia maji yasiyozidi nusu, nikatandika wavu juu ili paka asimfikie. Halafu nikaketi na saa. Alipanda baada ya dakika nne. Akafungua mdomo, ikasikika sauti ndogo kama mtu anayefyonza chai, akashuka. Kisha dakika sita. Kisha tano. Senje akaja akasimama nyuma yangu, mikono ina magamba, naye akaanza kuhesabu pamoja nami.